Watoto wadogo na maji: maswali ambayo wazazi wanauliza kila siku

Haya ni maswali yanayorudi rudi, mengi yanahusu watoto wa chini ya miaka 5. Kama kuna jambo limetokea sasa hivi usianze kusoma juu, ruka moja kwa moja swali la 16.

## Mambo ya msingi

1. Kwani hili tatizo ni kubwa kiasi hicho au watu wanatishana tu?

Ni kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kama 300,000 walikufa maji mwaka 2021 dunia nzima, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Marekani, ambako nyumba nyingi zina bwawa nyuma, kufa maji ndio sababu namba moja ya vifo vya watoto wa mwaka 1 mpaka 4. Na hapo wamehesabiwa waliokufa tu, kuna wanaotolewa wakiwa hai lakini ubongo umeshakaa bila hewa muda mrefu na maisha yanabadilika kabisa.

Kitu ambacho wazazi wengi hawakijui ni kwamba watoto wengi wa umri huu hawazami wakati wa kuogelea. Wanazama muda ambao hakuna mtu aliyetegemea wawe karibu na maji, mama anajua mtoto yupo sebuleni, baba anajua yupo na mama, kumbe mlango ulikuwa wazi. Bangladesh, ambako wamelifuatilia sana hili jambo, watoto wadogo wengi wanazama kati ya saa 3 asubuhi na saa 7 mchana, yaani muda ambao wakubwa wameshikwa na kazi za nyumbani. Ndio maana kila mahali hapa chini utaona narudia habari ya kuzuia na sio kuangalia peke yake. Kuangalia kuna kuchoka, geti lililofungwa halichoki.

2. Maji kiasi gani yanaweza kumzamisha mtoto?

Sentimita 5 zinatosha. Kinachotakiwa ni maji yafunike pua na mdomo basi. Mtoto mchanga akiangukia uso hana nguvu ya shingo ya kujiinua, na huyu anayeanza kutembea kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili kwa hiyo akiinama sana anakwenda chini kichwa kwanza, na kujirudisha hawezi.

3. Si nitamsikia akianza kuhangaika?

Hapana, na hili ndilo linaloua. Kwenye sinema mtu anayezama anarusha mikono, anaita, maji yanaruka huku na huku. Kwenye maji ya kweli mdomo ukitoka juu kidogo unatumika kuvuta hewa na unazama tena, hamna nafasi ya kupiga kelele. Mikono inasukuma maji pembeni chini chini, haipungi. Mwili unasimama wima, kichwa kimelala nyuma, nywele zimefunika macho na hazitolewi, miguu haipigi. Mwokoaji mmoja wa Marekani, Francesco Pia, alichunguza video za watu wanaozama na kueleza kwamba hali hiyo juu ya maji inadumu kama sekunde 20 mpaka 60 tu kabla mtu hajaenda chini.

Mtoto mdogo sana hata hiyo hatua anaweza asiipitie, anaingia na kwenda chini kimya. Kwa hiyo watoto wanaocheza kwenye maji wakinyamaza ghafla, geuka uangalie.

4. "Mwangalie mtoto" maana yake nini hasa, nikae umbali gani?

Mtoto wa chini ya miaka 5 akiwa ndani ya maji au pembeni yake, wewe uwe umbali wa mkono. Unyooshe mkono umguse, bila kuinuka wala kupiga hatua. Kukaa kwenye kiti kule kivulini unamwona kwa mbali hiyo ni kumtazama tu, haimsaidii kitu.

Alafu simu. Najua kila mtu ameshachoka kuambiwa habari za simu lakini kujibu meseji moja kunakula sekunde 30 bila wewe kujua, na sekunde 30 umeshasoma hapo juu zinatosha. Kama umekunywa pombe, kazi ya kuangalia mpe mwingine.

## Ndani ya nyumba

5. Sisi hatuna bwawa, je bado natakiwa kuhangaika?

Ndio, tena watoto wa chini ya mwaka mmoja wengi wanazama ndani, kwenye bafu na kwenye ndoo. Pita nyumba nzima ukiwa umepiga magoti, kwa urefu wa mtoto, uone anafikia nini: beseni la nguo zilizolowekwa, ndoo ya kudekia, choo cha kukaa, maji ya mbwa, pipa la maji ya mvua, tangi la samaki, mashine ya kufulia inayofunguka juu iliyobaki na maji. Kila chombo kina jibu moja kati ya matatu, kimwagwe, kifunikwe, au kifungiwe. Maji yakiisha kazi yanamwagwa saa hiyo hiyo na chombo kinageuzwa, usiseme ntamwaga baadae.

Mlango wa bafuni na chooni weka komeo la juu ambalo mtoto hafikii, au kitasa cha kuzuia watoto.

6. Mbona kila mtu anaongelea ndoo, si chombo kidogo tu?

Hebu ichukue ndoo ya lita 20 uiweke mbele ya mtoto wa miezi 10 anayejishikilia kusimama. Mdomo wa ndoo unamfika kifuani. Anashika ukingo, anaona kitu kinaelea, au anaona uso wake, anainama akidake. Kichwa kinapita ukingo, uzito wote unahamia mbele, vidole vya miguu vinaachia sakafu. Hapo sasa ndoo ingekuwa tupu ingeanguka na mtoto angelia basi, lakini ndoo yenye maji hata robo ni nzito, haipinduki. Mtoto amekwama kichwa chini, mikono imebanwa na kuta za ndoo, hana pa kusukumia. Hakuna kelele hata moja.

Ndoo yenye mfuniko wa kukaza ndio ya kuhifadhia maji. Mfuniko wa kuegesha tu, au sahani juu ya ndoo, mtoto anautoa kama mchezo.

7. Namuogesha, simu inaita au mtu anagonga. Sekunde mbili tu?

Hamna sekunde mbili. Ukitoka, toka naye, mfunge taulo mbebe mwende wote. Au acha mtu aendelee kugonga.

Ili usifike hapo andaa kila kitu kabla hujaweka maji, taulo, sabuni, nepi, nguo, yaani vitu vyote viwe mkono unapofika. Maji yawe kidogo, na ukimaliza yamwage kabla hata hujaanza kumpaka mafuta.

Mambo mawili yanayoulizwa sana hapo hapo. La kwanza, viti vya plastiki vya kumkalisha mtoto bafuni. Vinakusaidia wewe mikono isichoke lakini sio vya usalama, vinapinduka, mtoto anateleza chini yake na kunasa, na vimeshaua watoto ambao wazazi walitoka kwa sababu kiti kipo. La pili, kaka au dada wa miaka 6 au 7 kumwangalia mdogo wake kwenye maji. Hapana. Sio kwamba hana akili, ni mtoto, na usimbebeshe mtoto mzigo ambao ukimwangukia ataubeba maisha yake yote.

8. Nje kuna kisima na shimo la maji machafu, hayo nayafanyaje?

Kisima kiwe na ukuta wa kukizunguka na mfuniko mzito unaofungwa kwa kufuli au komeo, sio bati lililoegeshwa na jiwe. Tangi la chini ya ardhi hivo hivo, na fundi akishamaliza kazi simama uhakikishe mfuniko umerudi kabla hajaondoka, manake wengi huwa wanasema nitarudi kesho. Shimo lililochimbwa kwa ujenzi likijaa mvua ni bwawa, lizungushie kitu au lifukie. Dimbwi la mapambo kwenye bustani, ukiwa na mtoto mdogo lijaze mchanga kwa miaka michache, samaki watarudi.

Kama kazi za nje zinakubana kweli kweli, mtoto awe na sehemu yake iliyozuiwa, kitanda chenye vizuizi au kizimba cha kuchezea, au mtu maalumu wa kukaa naye saa hizo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza hivyo hivyo, sehemu za kulelea watoto wadogo mbali na maji mchana.

## Bwawa la kuogelea

9. Tuna ukuta kuzunguka kiwanja chote, bado nahitaji uzio wa bwawa?

Ndio. Ukuta wa kiwanja unazuia mtoto wa jirani, wako yupo ndani ya huo ukuta. Uzio unaotakiwa ni wa pande zote 4 unaolitenga bwawa na nyumba, sio pande 3 ambapo upande wa nne ni nyumba yenyewe na mlango wa jikoni unatokea majini. Tafiti zilizolinganisha hizo aina mbili zinaonyesha pande 4 unalinda zaidi, na kwa mbali.

Vipimo: urefu angalau mita 1.2, ukizidisha ni vizuri zaidi. Nafasi kati ya nondo zisizidi sentimita 10, na chini pia mtoto asipite. Nondo ziwe za kusimama, zile za kulala zinakuwa ngazi. Geti lifunguke kwenda nje ya bwawa, lijirudishe lenyewe na lijifunge lenyewe, na komeo liwe juu asipofikia. Alafu usiweke kiti, ndoo, tofali au chungu cha maua karibu na uzio, mtoto wa miaka 3 anajua kabisa kuvuta kiti.

Geti lijaribu kila mwezi. Liache likiwa wazi kidogo sana uone kama linajifunga, maana springi zinachoka. Na watu wenye tabia ya kuliegesha na jiwe ili wapitishe vitu kwa urahisi, huyo mmoja anaharibu uzio wote.

10. Nikiweka kifuniko au alamu, si inatosha?

Ni nyongeza juu ya uzio, haiwi badala yake. Kifuniko kigumu au kile cha turubai kinachovutwa na kukaza kwenye reli, ambacho kinabeba uzito wa mtu, kinasaidia kama kinafungwa kila mara. Kile chepesi cha kuelea cha kuhifadhi joto ni hatari kuliko kukosa, mtoto anakikanyaga akidhani ni sakafu, anazama na kinajifunga juu yake, na wewe ukipita huoni kitu. Alamu inakuambia mtoto ameshaingia au anaingia. Zile za mlangoni ndio bora kidogo kwa sababu zinakupa muda kabla hajafika.

Kabla ya kufunga bwawa toa midoli yote. Mpira unaoelea katikati ndio unaomvuta mtoto arudi.

11. Haya mabwawa ya plastiki ya kupuliza nayo?

Yale madogo, mwaga na uligeuze kila mkimaliza, hata kama mtaogelea tena kesho. Yale makubwa ambayo huwezi kumwaga kila siku yahesabu kama bwawa kamili, yanahitaji uzio wa swali la 9, na ngazi yake itolewe na kufungiwa. Kuta zake laini ni mtego, mtoto akiegemea zinalala na anaingia kichwa kwanza.

12. Tupo watu wazima 15 na mwokoaji yupo, bado kuna shida?

Hapo ndio pabaya. Kila mmoja anaamini mwenzake anaangalia, mwisho wa siku hamna anayeangalia. Chagueni mtu mmoja kwa zamu ya dakika 15, avae kofia fulani au ashike kitu ambacho kila mtu anakijua, hali, hapigi stori, hana simu mkononi. Zamu ikiisha anakwenda mpaka kwa mwenzake anamwambia "sasa ni wewe", na yule ajibu "haya, ni mimi". Bila jibu hajakabidhi. Inaonekana kama utani lakini inafanya kazi.

Mwokoaji anaangalia bwawa zima, hakodishwi kumlea mwanao.

## Kuogelea na vifaa

13. Mtoto aanze kufundishwa kuogelea lini?

Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema kuanzia mwaka 1 anaweza kuanza, na kwa umri wa miaka 1 mpaka 4 mafunzo yanaweza kupunguza hatari. Chini ya mwaka mmoja hakuna ushahidi kwamba yanamkinga, kwa hiyo zile video za kichanga anageuka mwenyewe majini zisikupe usingizi. Kucheza naye majini ni sawa, ila ni mchezo.

Mafunzo mazuri yanamfundisha kuelea chali, kugeuka na kurudi ukingoni, na kutoka mwenyewe. Mtoto anayeogelea vizuri akianguka na nguo na viatu bila kutarajia ni mtoto mwingine kabisa, kwa hiyo majibu ya 4 na 9 hayabadiliki hata awe amefuzu.

14. Na yale maboya ya kuvaa mikononi?

Ni midoli. Yanatoboka, yanachomoka, na yanamzoesha kukaa wima majini, mkao ule ule wa kuzama. Pia yanamdanganya, anaamini yeye anaelea, siku hana anaruka vile vile. Kama unataka kitu cha kumshikilia, mnunulie laifu jaketi iliyopitishwa na mamlaka, saizi ya uzito wake, yenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Ijaribu hivi, mvalishe, shika mabega ya jaketi uinue, ikipanda mpaka masikioni ni kubwa.

Maua, bata na farasi wa kupuliza, sitaki hata kuanza.

15. Nguo ya kuogelea ya rangi gani?

Rangi kali, chungwa ya kung'aa, pinki ya kung'aa, kijani cha ndimu. Bluu na nyeupe zinapotea kabisa chini ya maji. Jaribu mwenyewe, zamisha nguo uone.

## Likitokea

16. Mtoto hapumui, nimemtoa majini, nifanye nini?

Piga kelele mtu aje, mmoja apige simu ya dharura. Kama upo peke yako weka simu spika huku unaanza, na kama simu haipo anza kwanza kama dakika 2 ndio ukaite.

Mlaze chali juu ya kitu kigumu. Hapumui au anavuta hewa mara moja moja kwa kukoroma? Anza na pumzi, sio kifua, kwa sababu mtoto aliyezama amekosa hewa. Inua kidevu kidogo, kichanga kichwa kiwe sawa bila kupindishwa nyuma sana. Kwa kichanga mdomo wako ufunike mdomo na pua yake, kwa mkubwa kidogo bana pua. Puliza taratibu mpaka uone kifua kinapanda. Miongozo ya Ulaya inasema pumzi 5 za kuanzia, ya Marekani 2, fuata uliyofundishwa.

Kisha sukuma kifua mara 30 katikati, kwa kasi ya 100 mpaka 120 kwa dakika, kina cha theluthi moja ya kifua, ambayo ni kama sentimita 4 kwa kichanga na 5 kwa mtoto. Kichanga tumia vidole gumba viwili huku mikono imezunguka kifua, mtoto tumia mkono mmoja. Alafu pumzi 2, alafu 30 tena, usiache mpaka apumue au msaada ufike. Povu likitoka usipoteze muda kulifuta. Akitapika mgeuze pembeni, safisha, endelea.

Usimning'inize kichwa chini, usimbonyeze tumbo kutoa maji. Hayo yanakula muda na yanaleta matapishi kwenye mapafu. Na haya maandishi hayatoshi, tafuta kozi ya huduma ya kwanza ufanye kwa mikono kwenye mwanasesere, saa moja mbili tu.

17. Mtoto haonekani, nianze kutafuta wapi?

Majini. Kila mara, kabla ya chini ya kitanda, kabla ya kwa jirani. Bwawa mpaka chini, kisima, pipa, bafu. Mtoto aliyejificha kabatini anaweza kusubiri dakika 5, aliyeko majini hawezi.

18. Alizama kidogo akatoka anakohoa, sasa anacheza. Nimesikia anaweza kufa usingizini siku tatu baadae?

Hii ndio inayosambaa sana mitandaoni kwa jina la kuzama kukavu, na madaktari hawalitumii hilo jina. Mtoto aliyekohoa kidogo, akatulia, na yuko sawa kabisa hafi ghafla siku kadhaa baadae bila dalili. Dalili zikija zinakuja ndani ya masaa, kwa kawaida 8 ya kwanza: kikohozi kisichoisha, kupumua haraka au mbavu kuingia ndani, povu, kutapika, kulegea au usingizi usio wa kawaida, midomo kubadilika rangi. Ukiona hata moja nenda hospitali saa hiyo.

Na yeyote aliyepoteza fahamu au aliyepuliziwa pumzi anakwenda hospitali hata akiamka anacheka.

## Hali za pembeni

19. Mwanangu ana kifafa, au ana usonji. Kuna tofauti?

Kifafa, ndio, hatari ni kubwa zaidi kwa sababu degedege likimkuta majini hana la kufanya. Akikua aoge kwa bomba la mvua akiwa amekaa badala ya kujaza bafu, mlango usifungwe kwa ndani, na bwawani awe na mtu wake peke yake anayejua kumtoa.

Usonji, wengi wanavutwa sana na maji na wengine wanatoroka nyumbani kimya. Makomeo na alamu za milango zinakuwa muhimu mara mbili, majirani wenye mabwawa waambie mapema, na swali la 17 libandike ukutani.

20. Tunakwenda kulala kwa ndugu au nyumba ya kukodi yenye bwawa.

Kabla ya kufungua mabegi zunguka. Mlango upi unatokea kwenye maji, unafungwaje, ngazi ya bwawa iko wapi, maji ni safi kiasi cha kuona sakafu? Kama sakafu haionekani hakuna anayeingia, kwa sababu mtoto akienda chini humuoni. Siku ya kufika na siku ya kuondoka ndio mbaya, kila mtu anabeba vitu na milango iko wazi.

Angalia pia tundu la kunyonya maji chini ya bwawa. Mfuniko ukiwa umevunjika au haupo, nguvu ya pampu inaweza kushika nywele au mwili wa mtoto na mtu mzima asiweze kumvuta. Marekani walitunga sheria ya mifuniko hiyo mwaka 2007 kwa sababu watoto walikuwa wanakufa hivyo. Ukikuta mbovu usiingize mtu, mwambie mwenye nyumba azime pampu, na ujue swichi yake iko wapi, hata ukikuta nzima.